Kabla Hujamwita Mnunuzi

Wanangu na wajukuu zangu wa Gitothua, Ruiru, nawaona mkishamaliza matanga mnafungua kasha la shosho, mnamwaga kila kitu uani, kisha mnamwita jamaa wa vyuma chakavu anayepita na kipaza sauti. Tulieni kwanza. Asiyejua alicho nacho huuza kwa bei ya anayejua.

Ruiru hii ilikuwa mashamba ya kahawa na katani ya walowezi, na wazee wetu kadhaa walikuwa wapishi na watumishi wa nyumba. Ndiyo maana mtu anaweza kukuta kijiko cha Kizungu kwenye kasha la Mkikuyu. Kigeuze utazame mgongo wa mpini. Ukiona simba anayetembea, ameinua mguu mmoja wa mbele, hiyo ni alama ya Uingereza ya fedha halisi, sehemu 925 kati ya 1,000. Nanga kando yake maana yake kilipimwa Birmingham. Ukiona herufi EPNS, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha juu juu tu.

Sarafu nazo zina siri yake. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, ya kati ya 1921 na 1946, ina robo ya fedha: katika gramu zake 7.8, fedha haifiki hata gramu mbili. Za kuanzia 1948 zina simba yule yule, lakini ni shaba na nikeli. Basi soma mwaka kabla hujashangilia. Wala usiisugue kwa mchanga au jivu ing'ae. Wanaokusanya sarafu hawapendi iliyokwanguliwa.

Kwa dhahabu, tafuta tarakimu ndani ya pete au kwenye kifungo cha mkufu: 375 ni karati 9, 585 ni 14, 750 ni 18, 916 ni 22. Lakini mhuri hugongwa na mkono wa mtu, na mkono hudanganya. Sumaku itakusaidia kukataa, si kukubali: kinachonaswa si dhahabu, ila shaba nayo hainaswi.

Maji hayana ujanja. Chukua mizani ndogo ya dijitali inayosoma sehemu za gramu. Pima bangili ikiwa kavu. Tuseme ni gramu 20. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize bangili kwa uzi mpaka izame yote bila kugusa chini wala kando. Dhahabu ya karati 22 itaongeza kama gramu 1.1, shaba ya manjano itapita 2.3. Kipimo hiki kinafaa kitu kizima kisicho na jiwe wala uwazi ndani. Kipimo cha asidi mwachieni sonara.

Mkienda kwake, nendeni kwa zaidi ya mmoja, Thika na Nairobi, na kila mmoja apime mbele ya macho yenu. Hesabu ni nyepesi: gramu nne za karati 18 zina gramu tatu za dhahabu, na bei ya siku mnaiona kwenye simu. Atakata faida yake, ni haki yake. Ila mjue amekata kiasi gani.

Na anayewaletea vipande vya dhahabu mbichi kwa nusu ya bei, mwambieni njia ni ile. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tena biashara ya dhahabu mbichi inataka leseni chini ya Sheria ya Madini ya 2016.

La mwisho ndilo zito. Kitu cha marehemu si cha aliyekiona kwanza. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu kuuza mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Kaeni ndugu wote, andikeni orodha na uzito wa kila kitu, pigeni picha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nimeona nyumba zikivunjika kwa mkufu ambao baadaye ulionekana ni shaba. Na birika la shosho likigeuka kuwa EPNS, lisiwakoseshe usingizi: pikieni wageni chai, kazi hiyo linaiweza.