Ramadhani, siku ya 12: Ujira wa fomu na bei ya nafasi



Wazazi wangu wa Mabamba, kidato cha sita wakimaliza, wapo watakaouza gunia la maharage wamlipe mtu wa "kumtafutia mtoto chuo". Tutofautishe. Kijana wa steshenari akikujazia fomu mtandaoni, huo ni ujira wake halali, mpe. Lakini anayesema "nina mtu wangu ndani, lete hela," huyo anakuuzia kisicho chake. Na anayemwandika mwanao yatima ili apate mkopo, nawe baba upo hai, amekuingiza kwenye uongo.

Tangu 2017 maombi ya shahada yanapelekwa moja kwa moja chuoni, na TCU huonya kuhusu wanaojiita mawakala.

Tazama Suratul Baqara: aya za funga zinaishia ya 187. Ya 188, papo hapo, yanakuja makatazo ya kula mali kwa dhulma na kuwahonga wenye maamuzi. Tumejizuia na halali kutwa nzima, tufuturu kwa haramu?

Fomu isomwe kabla haijatumwa. Kama husomi, njoo nayo msikitini baada ya Alasiri, tuisome pamoja.

Allah atutakabalie swaumu zetu. Amin.