Bustani ya Ansab Inauzwa Pamoja na Nyumba

Wengi wetu tumekula chini ya mwarobaini wa ile nyumba ya Ansab. Ni nyumba ya chini, pana, imesimama peke yake na bustani pande zote, na familia moja ya kwetu imepanga hapo miaka minane. Kutoka ibada ya Ijumaa Ghala ni mwendo mfupi, kwa hiyo hapo ndipo tulipopeleka masufuria ya pilau na kuwaaga waliokuwa wakirudi nyumbani. Sasa mwenye nyumba anauza. Kibao kiko getini, na tangazo linasifu vyumba, maegesho, na zaidi ya yote bustani iliyostawi.

Hiyo bustani ndiyo iliyotuchoma. Miaka minane iliyopita palikuwa na kokoto na mwarobaini mmoja. Udongo uliletwa kwa pikapu. Mindimu, mipapai, mchaichai, asumini ya ukutani, matuta ya sukuma wiki ya msimu wa baridi, vyote vimepandwa na baba na mama wa nyumba ile, nasi tukishika mpira wa maji tulipofika mapema. Mnajua Juni ya hapa, joto likipita nyuzi 40: siku mbili bila maji, mche umekufa. Leo bustani inapandisha bei, na aliyeipanda hapati hata baisa moja.

Wala hawezi kuinunua. Tangu 2006 sheria inaturuhusu sisi wageni kumiliki nyumba katika miradi maalumu ya utalii kama Al Mouj, lakini kwa jumla si nyumba ya kawaida ya mtaani kama hii. (Na hata ingeruhusu, nani kati yetu ana hizo rial?)

Ndugu mmoja alisema waziwazi wakati wa chai: tung'oe kila tulichopanda, tumwachie mnunuzi kokoto zake. Baadhi yetu walimjibu haraka kwamba dunia yote ni ya Bwana, basi yaishe. Tukiri kwamba jibu hilo lilikuwa jepesi mno. Kumbukumbu la Torati sura ya 28 inahesabu miongoni mwa laana mtu kujenga nyumba asikae ndani yake, na kupanda mizabibu asile matunda yake. Isaya sura ya 65 inaahidi kwamba siku moja hayo yatakoma. Maandiko hayamwambii aliyetoka jasho kwamba uchungu wake ni utoto, basi na sisi tusimnyamazishe kwa aya.

Lakini kitabu hichohicho cha Torati, sura ya 6, kinawaonya Waisraeli wasimsahau Mungu watakapokuta visima wasivyochimba na mizeituni wasiyoipanda. Tuliposoma hapo tukautazama mwarobaini. Nani aliupanda? Miaka minane tumeketi kwenye kivuli chake na hakuna aliyeuliza.

Na mzee mwenye nyumba naye ana yake. Kiswahili chake cha Unguja kinatushinda wengi wetu. Alizaliwa huko, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ardhi ilipotaifishwa na watu wakagawiwa eka tatu tatu, shamba la karafuu la baba yake likaenda kwa wengine. Alitusimulia siku moja pale getini, bila hasira. Alirudi kutembea akiwa mtu mzima, akamkuta mtu asiyemjua akichuma mikarafuu ile. Yule mtu akampa dafu, wakaketi.

Tulinyamaza. Wengine wetu ni wajukuu wa watu waliozipokea zile eka tatu kwa furaha, na walikuwa na sababu. Mikarafuu ya Unguja na Pemba ilianza kuenea karne ya 19 kwa mikono ya watumwa, ambao hawakumiliki hata kivuli chake. Ukianza kuuliza nani alipanda, huwezi kusimama pale swali linapokupendeza. Ndugu yetu wa kung'oa alilisikia hilo, na kwa heshima yake tuseme hakukubali mara moja. Alisema bado haki ni haki, na aliyefanya kazi aambiwe walau asante. Hapo tuko naye.

Kwa hiyo familia haikung'oa kitu usiku. Walimwendea mzee mchana, wakamwonyesha mti mmoja mmoja, wakamwomba awasamehe kodi ya mwezi wa mwisho kwa ajili ya udongo na maji. Alisikiliza, akazunguka bustani pamoja nao, akasema atazungumza na wanawe. Hajajibu bado. Alichokubali palepale ni kwamba vya kwenye vyungu vinaondoka, na vipandikizi vinaruhusiwa. Miti iliyoshika mizizi inabaki.

Ijumaa ijayo tutakwenda saa nane mchana, baada ya ibada. Mchaichai unagawanyika kwa urahisi, na asumini watu wanne wameshaiomba. Njooni na ndoo, hata makopo ya maziwa yanafaa, na mtu alete jembe dogo. Tutamwagilia kila kitu kabla ya kuondoka, na mindimu pia.