Lugha ya Kigeni na Akili ya Mtoto

Je, ni haki mtoto kufundishwa kwa lugha asiyoijua, kwa kuwa ulimwengu waitaka? Tazameni Rwanda. Mwaka 2008 serikali iliamuru masomo yaache Kifaransa, yafundishwe kwa Kiingereza, kwa ajili ya biashara na majirani. Waalimu wengi walikuwa hawakijui. Mwaka 2011 madarasa matatu ya kwanza yalirudishiwa Kinyarwanda. Mwaka 2019 yakaamriwa Kiingereza tena.

Sikatai faida: ajuaye lugha ya wengi hufunguliwa milango mingi. Lakini mtoto akikariri asichokifahamu, hujifunza kuitikia tu. Na hapo ndipo penye dhuluma: mwenye mali humwajiria mwanawe mwalimu nyumbani, maskini hana njia hiyo, nao maskini ndio wengi. Basi, mtoto na afahamu kwanza kwa lugha ya mamaye, ndipo aongezewe ya kigeni.