Macho ya Mwenzako

Katika Yohana 9, wanafunzi walipomwona kipofu walitafuta mkosaji. Sisi hatuulizi hivyo tena, tunatafuta sarafu. Lakini je, sadaka yetu haiwezi kuwa njia nyingine ya kumweka mtu nje?

Thomas Gore wa Marekani alipofuka utotoni kwa ajali mbili, jicho moja baada ya lingine. Kwa kusomewa vitabu na wenzake akawa mwanasheria, na mwaka 1907 akawa mmoja wa maseneta wawili wa kwanza wa jimbo la Oklahoma. Mkewe alimsomea, na baadaye mjukuu wake. Alipinga nchi yake kuingia Vita Kuu ya Kwanza, ingawa rais alikuwa wa chama chake. Mwaka 1920 wapiga kura wa chama hicho wakamkataa. Waliomsomea hawakumwamulia.

Hapo ndipo tunapokosea. Tunadhani anayehitaji macho ya mwenzake hana la kutupa. Lakini nani kati yetu hajawahi kushikwa mkono?

Yupo kipofu mlangoni pa usharika wetu. Sarafu tumempa miaka mingi. Ushauri hatujamwomba hata mara moja. Wapendwa, Baraza la Wazee lina kiti chake.