Kama shahidi wa deni analindwa, shahidi wa damu je?

AYA ndefu kuliko zote katika Qur'an haizungumzii Pepo wala Moto. Inazungumzia deni. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambamo Allah (sw) anawafundisha waumini namna ya kukopeshana: liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, pawepo mashahidi, na mashahidi wasikatae wanapoitwa. Kisha, karibu na mwisho wa aya, linakuja sharti ambalo wengi wetu tunalipita haraka tukisoma: mwandishi asidhuriwe, wala shahidi asidhuriwe. Aya inayofuata inaongeza kuwa mwenye kuuficha ushahidi moyo wake umeingia dhambini.

Mali inayozungumzwa pale inaweza kuwa gunia la mchele au ng'ombe mmoja. Hata hivyo Mola ameona kuwa aliyeshika kalamu na aliyeona kwa macho yake lazima wakingwe, maana wakidhuriwa hao wawili, kesho hakuna atakayekubali kuandika wala kushuhudia, na haki ya mnyonge itapotea. Sasa swali ninalotaka tulitazame ni hili: kama shahidi wa gunia la mchele ana kinga, shahidi wa damu ya mtu ana nini?

Nina sababu ya kuuliza. Ijumaa ya Septemba 6, 2024, jioni, Mzee Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa Sekretarieti ya CHADEMA, alikuwa ndani ya basi akitoka Dar es Salaam kwenda kwao Tanga. Tangu ikamilike lami ya Bagamoyo hadi Msata, yapo mabasi ya Tanga yanayopita Barabara ya Bagamoyo badala ya kuzunguka Chalinze. Basi lilipofika Tegeta, magari yaliziba njia, watu wenye silaha wakapanda, wakamfunga pingu na kumteremsha mbele ya abiria wote. Kesho yake maiti yake ilipatikana Ununio, kwenye pwani ile ile ya kaskazini mwa jiji, mwendo mfupi tu kutoka pale alipoteremshwa. Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama hicho wakati huo, alisema baada ya uchunguzi wa maiti kwamba marehemu alipigwa sana na kumwagiwa tindikali usoni. Rais Samia Suluhu Hassan alilaani mauaji hayo na kuagiza uchunguzi. Kwenye maziko, Tanga, waombolezaji walimzomea aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Hamad Masauni.

Mengi yameshasemwa juu ya marehemu, Allah amrehemu. Mimi nataka kusema juu ya abiria.

Basi ni watu wengi. Wapo waliokuwa wakirudi makwao baada ya shughuli za wiki, wapo akina mama na watoto, na bila shaka wapo waliokuwa wametoka kusali Ijumaa mchana wa siku ile ile. Hao wote waliona sura, waliona magari, waliona silaha. Hadithi ya Mtume (saw) tunaijua sote: aonaye baya alizuie kwa mkono wake, asipoweza kwa ulimi, asipoweza basi kwa moyo. Sidhani kama kuna mwanachuoni atakayemwambia mama mwenye mtoto mapajani kwamba alipaswa kuushika mtutu wa bunduki. Mkono umewasamehe. Lakini ulimi je? Hapo ndipo penye uzito, na hapo ndipo watu wanapowalaumu abiria kwa kunyamaza, kana kwamba ulimi hauna gharama. Abiria yule anajua kuwa tiketi yake ina jina lake na namba yake ya simu. Anajua kuwa laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole, kama laini zetu sote kuanzia Januari 2020. Akifungua mdomo, atatafutwa wapi isipokuwa nyumbani kwake?

Kwa hiyo kabla ya kuwauliza abiria kwa nini hawasemi, tuulize nusu ya pili ya aya: nani amehakikisha kuwa shahidi hadhuriwi? Amri ya kutoa ushahidi na amri ya kutomdhuru shahidi zimekaa katika aya moja. Ukiitekeleza moja na kuiacha nyingine, umemtwisha mja mzigo ambao Mola wake hakumtwisha hivyo.

Na mtetezi wa haki za binadamu ni nani hasa kama si abiria aliyeamua kusema? Watu wengi wakisikia jina hilo wanafikiria mtu wa ofisini mwenye mfadhili Ulaya. Azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 9, 1998 halimpimi kwa ofisi. Linamtazama kwa alifanyalo, hata akiwa mmoja peke yake. Wanakijiji wa upande wa Bagamoyo walioona miili ndani ya viroba ikielea katika Mto Ruvu, Desemba 2016, na wakatoa taarifa, walikuwa mashahidi. Chama cha Wanasheria Tanganyika, kilipotoa Agosti 2024 orodha ya watu 83 waliotajwa kutekwa au kutoweka, kilikuwa kinafanya kazi ya mwandishi wa ile aya. Nani alitenda, orodha haikuhukumu. Iliandika majina tu, yasisahaulike.

Bagamoyo yenyewe, kwa njia, inaujua unyongaji. Pale ufukweni pana alama ya mahali Wajerumani walipowanyongea waliowapinga. Ulikuwa udhalimu, lakini wanyongaji walikuwa na bendera na kila mtu aliwajua kwa jina. Hawa wa siku hizi tumewapa jina la ajabu, "watu wasiojulikana", na jina hilo limegeuka kuwa kinga yao.

Sasa tuje kwenye ufuatiliaji, maana kipigo hakianzi na kipigo. Huanza na kutazamwa. Septemba 2024 hiyo hiyo, gazeti la Guardian la Uingereza liliripoti kuwa nyaraka za kesi ya aliyekuwa mfanyakazi wa Millicom, iliyokuwa ikimiliki Tigo, iliyofunguliwa katika baraza la ajira jijini London, zilieleza kwamba mwezi Agosti 2017 kampuni hiyo ilianza kuipa serikali ya Tanzania taarifa za mahali ilipo simu ya Tundu Lissu. Septemba 7, 2017, Lissu alimiminiwa risasi Dodoma, akapigwa 16, akapona kwa kudra za Allah. Sisemi kwamba taarifa za simu ndizo zilizoongoza risasi, hilo linahitaji mahakama. Nasema kwamba mtu anayejua uliko usiku na mchana, bila idhini ya hakimu, ameshakuwa na nusu ya uwezo wa kukudhuru, na nusu iliyobaki ni nia tu.

Ndugu mmoja tuliyekuwa tukizungumza naye baada ya Isha alinipinga, na hoja yake si ya kudharau. Alisema: mwaka 2017 kule Kibiti askari wanane waliuawa kwa siku moja, Aprili 13, na wenyeviti wa vijiji wakawa wanauawa milangoni pao, polisi wasipopeleleza, nani atatulinda? Ni kweli. Uislamu hauna sera ya kuwaachia wauaji. Lakini wanachuoni wetu walishaligawa jambo hili zamani. Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana. Imam Mawardi, aliyekuwa kadhi na aliyefariki Baghdad mwaka 1058, akiandika juu ya kazi ya muhtasib, alisema hana ruhusa ya kuchungulia yaliyositirika, isipokuwa pale anapopata habari kutoka kwa mkweli kwamba mtu amempeleka mwenziwe faraghani ili amuue. Hapo tu avunje sitara, kwa sababu roho ikishatoka haiwezi kurudishwa.

Tazama hapo, msomaji. Ruhusa ya kupeleleza waliyoitoa wanachuoni ni ya kumwokoa mtu anayepelekwa faraghani kuuawa. Basi lilipozibiwa njia pale Tegeta, hiyo ndiyo ilikuwa saa ya vyombo vyetu vyote, pamoja na kamera na mitambo yake, kufanya kazi iliyohalalishwa. Badala yake tunaona macho hayo yakielekezwa kwa anayeuliza mtu kapelekwa wapi.

Imam Ghazali naye anakisimulia kisa cha Sayyidna Umar (ra) aliyepanda ukuta wa nyumba usiku akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamwambia kuwa yeye kamuasi Allah kwa jambo moja, na Khalifa kamuasi kwa matatu: kapeleleza, hakuingia kwa mlangoni, na hakutoa salamu. Umar akamwacha. Huyo ni mlevi aliyekutwa na kosa, na Amirul Muuminin aliyeogopwa na wafalme, na bado sheria ilimshinda mwenye cheo. Mtetezi wa haki hana hata hilo kosa. Anachofanya anakifanya hadharani.

Wapo pia watakaosema haya ni ya wanasiasa, au ya Wakristo, au ya mashirika, sisi yetu ni Mwembechai na masheikh. Hoja hii naiona dhaifu kuliko zote. Kabla ya utume, Mtume (saw) alihudhuria Hilful Fudhul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, ambapo mabwana wa Makka waliapa kumsimamia mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen aliyedhulumiwa bidhaa zake. Hawakumuuliza dini wala ukoo. Baada ya utume alisema kuwa hata ndani ya Uislamu angeitwa kwa mkataba kama ule angeitikia.

Na Waislamu tumeshaonja. Al-Amin Kimathi, wa Jukwaa la Waislamu la Haki za Binadamu la Kenya, ndiye aliyekuwa akifuatilia habari za watu waliosafirishwa kutoka Kenya kwenda Somalia na Ethiopia mwaka 2007. Septemba 2010 alikwenda Kampala kufuatilia kesi ya Wakenya walioshitakiwa kwa mabomu ya Julai 11 mwaka huo. Akakamatwa, akashitakiwa ugaidi yeye mwenyewe, akakaa ndani mwaka mzima hadi mashitaka dhidi yake yalipofutwa Septemba 2011. Shahidi aligeuzwa mshitakiwa. Mei 2025 ikawa zamu yetu kuwafanyia wageni: Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikuja Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Lissu pale Kisutu. Walikamatwa, na siku kadhaa baadaye mmoja akaachwa kando ya barabara Ukunda, mwingine mpakani Mutukula, wote wakieleza kuwa waliteswa. Walikuja kukaa kwenye benchi la mahakama na kutazama.

Baada ya Oktoba 29, 2025, tuliona hatua nyingine. Intaneti ilizimwa, na iliporudi Novemba 3, watu walipata ujumbe wa polisi kwenye simu ukiwaonya wasisambaze picha na video za kuleta taharuki. Picha ya maiti inaumiza, na heshima ya maiti katika dini ni kubwa. Lakini picha hiyo pia ni ushahidi, na aliyepiga ni shahidi. Kumtisha kabla hajaulizwa alichokiona ni kumdhuru.

Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ilipitishwa na Bunge mwaka 2015. Nani kati yetu amewahi kuisikia ikitajwa kwenye mimbari? Kumlinda shahidi ni fardhi kifaya, na fardhi kifaya wasipoisimamia wanaoweza, dhambi inawafikia wote. Sizungumzii maandamano. Abiria akisimulia mbele ya wakili, maneno yake yanaweza kuwekwa katika hati ya kiapo jioni moja, nakala zikahifadhiwa mahali patatu tofauti, ili kumdhuru yeye kusiufute ushahidi. Imamu anaweza kumtafutia familia ya kumhifadhi kwa wiki mbili bila kutangaza. Jamaa wa msikitini wanaweza kupeana zamu ya kumsindikiza anapokwenda kituoni kuandika maelezo, asiingie peke yake na asitoke peke yake. Misikiti yenye mawakili katika safu zake ipo kuanzia Kariakoo hadi Bunju, na kazi hiyo haihitaji mfadhili.