Chai ya Kijani na Daraja za Sababu

Swali la iwapo afya hutoka katika kile mtu anachokila na kukinywa, au hutoka katika mpango mpana zaidi ambao chakula na kinywaji ni sehemu yake tu, limewashughulisha wanafalsafa na wanazuoni wa dini kwa karne nyingi, na katika zama hizi limevaa sura mpya kupitia madai yanayotolewa kuhusu chai ya kijani. Inadaiwa kwamba viambato vya majani hayo huyeyusha mafuta ya mwilini, hushusha sukari ya damu na kuimarisha umetaboli, yaani jumla ya michakato ambayo kwayo mwili hukigeuza chakula kuwa nguvu, hukitumia na kuiweka akiba ziada yake. Sayansi huyapima madai hayo kwa kuuliza kama jambo lenyewe hutokea. Falsafa ya dini huongeza swali la pili, nalo ni kiasi gani cha tegemeo ambacho mtu ana haki ya kukiweka juu ya jambo hilo.

Madai yenyewe yana umri mrefu. Eisai (1141–1215), mtawa wa Kibuddha wa Japani aliyesafiri mara mbili kwenda China na kurejea mwaka 1191 na mafundisho ya Zen ya madhehebu ya Rinzai, aliandika mwaka 1211 kitabu kiitwacho Kissa Yōjōki, kinachoeleza unywaji wa chai kama njia ya kuutunza uhai, na mwaka 1214 akamkabidhi maandishi yake shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, Minamoto no Sanetomo, aliyekuwa akiugua kwa sababu ya pombe. Hoja yake ilitegemea tiba ya Kichina, iliyokifungamanisha kila kiungo kikuu cha ndani na ladha yake: ini na uchachu, mapafu na ukali, wengu na utamu, figo na chumvi, na moyo, ulio mkuu wa viungo vyote, na uchungu. Kwa kuwa chakula cha Wajapani kilipungukiwa na uchungu, Eisai alihitimisha kwamba mioyo yao ilidhoofika kwa kukosa chai.

Kemia ilikuja kuupa uchungu huo jina. Mwaka 1929 mwanasayansi Michiyo Tsujimura alitenga kutoka chai ya kijani dutu iitwayo katekini, na leo inajulikana kwamba katekini ni kundi la viambato, ambamo kilicho kingi zaidi ni epigalokatekini galeti, kwa ufupisho EGCG. Katekini hubaki kwa wingi katika chai ya kijani kwa sababu majani yake hupashwa joto mapema ili vimeng'enya vyake visiendelee kufanya kazi, ilhali chai nyeusi, kama ile ya Kericho au Mufindi, hutokana na mmea uleule lakini huachwa igeuzwe na hewa, hata sehemu kubwa ya katekini zikawa viambato vingine. Katika maabara EGCG imeonekana kukizuia kimeng'enya kinachoivunja noradrenalini, kichocheo kinachouamuru mwili kutumia mafuta yake, na kafeini iliyomo katika chai husaidia kuelekea upande huohuo.

Hata hivyo, njia kutoka maabara hadi mwilini si fupi, kwa kuwa sehemu ndogo tu ya EGCG inayonywewa hufika katika damu. Utafiti wa Ohsaki, uliowafuatilia watu 40,530 katika mkoa wa Miyagi nchini Japani na kuchapishwa mwaka 2006, uliona kwamba wanywaji wa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikufa kwa uchache zaidi kutokana na maradhi ya moyo na mishipa, bila ya tofauti hiyo kuonekana katika vifo vya saratani. Lakini utafiti wa namna hiyo huonyesha mambo mawili yanayoandamana, wala hauthibitishi kwamba moja limelizaa jingine. Tathmini ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, kuhusu watu wenye uzito uliozidi ilikuta kwamba upungufu wa uzito uliotokana na chai ya kijani ulikuwa mdogo kiasi cha kutokuwa na maana kitabibu. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba chai ya kunywa kwa kawaida ni salama, ila vidonge vinavyompa mtu miligramu 800 za EGCG au zaidi kwa siku huambatana na dalili za ini kuumia.

Hapa ndipo fikra za mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, zinapofaa. Katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa alikana kwamba baina ya sababu na matokeo kuna ulazima, akataja miongoni mwa mifano yake kunywa dawa na kupona: viwili hivyo huandamana kwa sababu Mungu ameviumba viandamane. Msomaji wa haraka angedhani kwamba kauli hiyo inabatilisha tiba, lakini katika Ihya Ulum al-Din mwanazuoni huyo alizipanga sababu zinazoondoa madhara katika daraja tatu. Ya kwanza ni ya yakini, kama maji kwa mwenye kiu, na kuiacha panapohofiwa kifo si kumtegemea Mungu bali ni haramu. Ya pili ni ya dhana, kama kuumika na dawa za matabibu, ambayo kuitumia hakupingani na tegemeo hilo. Ya tatu ni ya wahamu, yaani ya kuwaza tu, na kuishikilia ndiko kunakolipunguza.

Kwa mpangilio huo, kikombe cha chai ya kijani kinastahili kuwekwa katika daraja ya dhana, kwa kuwa ushahidi wake upo lakini haukukamilika, nacho kidonge kinachouzwa kwa ahadi ya kuondoa kitambi bila ya mtu kubadili maisha kimo katika daraja ya wahamu, tena wahamu wenye madhara. Inaweza kupingwa kwamba kidonge na kikombe vina dutu ileile. Ni kweli, lakini kipimo ni sehemu ya sababu, na dutu iliyoongezwa kupita kiasi huwa sababu ya jambo jingine. Wala uasili wa jani hauwi hoja, maana chai iliyojazwa sukari, hata ikiwa ya kijani, huudhuru umetaboli uleule inaotakiwa kuunufaisha. Mwili ni amana, na mwenye amana hutakiwa kuipa kila sababu tegemeo linalolingana na daraja yake. Kwa hiyo anayependa chai ya kijani na ainywe kwa kiasi, ale kwa kiasi na kuutembeza mwili wake, na asiliombe jani lifanye kazi aliyopewa yeye mwenyewe.