Risasi Bustanini

Neno risasi lina maana mbili, na pengine walimu tumezipita upesi mno darasani. Tumelipokea kutoka Kiarabu: kwanza ni madini mazito, laini, yayeyukayo haraka motoni, pili ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Hapa Bujumbura, baada ya vita vilivyoanza mwaka 1993, si ajabu mwanafunzi akiitaja maana ya pili kwanza.

Katika karne ya 18 mabwanyenye wa Uingereza waliinunua risasi kwa kazi nyingine. John Cheere, fundi wa London, aliisubu kuwa masanamu na mitungi ya kupamba bustani za majumba yao ya shamba. Mitungi hiyo haikuteka maji. Ilisimama juu ya nguzo ikitazamwa.

Je, ni haki madini yenye manufaa yakae hivyo kwa ajili ya macho ya wachache? Wengi wetu tungejibu kwamba si haki, na sababu tunazo. Jumba la Harewood, kwa mfano, lilijengwa kwa mali ya ukoo uliotajirika kwa sukari ya visiwa vya Karibi, na sukari hiyo ilikuwa jasho la watumwa. Pambo la bustani kama hiyo haliwezi kudai kwamba halina doa.

Hata hivyo, tutazame yaliyotokea watu walipoamua kuyapa mapambo kazi. Mwaka 1689 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliyeyusha vyombo vya fedha vya Versailles, pamoja na vyungu vya michungwa. Fedha ile haikumfikia mwenye njaa, ilikwenda vitani. Mwaka 1776, huko New York, sanamu ya Mfalme George III iliangushwa na kuyeyushwa, ikatoa risasi za bunduki zaidi ya 42,000. (Lugha yetu haifichi kitu: risasi ikawa risasi.)

Basi asemaye kwamba chombo hakina kazi hajamaliza usemi wake mpaka ataje ni kazi ya nani. Sisi twashikilia kwamba kosa la bwanyenye, ukiondoa dhuluma iliyomtajirisha, halikuwa kupenda pambo, bali kulizungushia ukuta. Katika mtaa wetu wa Buyenzi, ambako mafundi hugonga vyuma mchana kutwa, sufuria iliyotoboka huweza kujazwa udongo, ukapandwa mrehani kando ya mlango. Apitaye hupata harufu yake bila kubisha hodi.